Viyoyozi Viwili, Soketi Moja: Mwongozo wa Kambi ya Gari-Nyumba Mukuju

Ukivuka Malaba kwenda Sipi, Mlima Elgon au Karamoja, unapita mji wa Tororo kisha unashika barabara ya Mbale. Mukuju iko njiani. Wanaopiga kambi hapa na magari yenye vyumba ni wa namna nyingi: familia yenye Coaster iliyong'olewa viti na kuwekwa vitanda, wageni walioendesha lori lililojengewa nyumba kutoka kusini mwa Afrika, waganga wenye basi la kliniki, mafundi wa sauti wenye gari la studio. Wengi wao wana viyoyozi viwili juu ya paa, kimoja mbele na kimoja nyuma, na swali lao ni moja: vyote viwili vinaweza kuwaka pamoja hapa?

Vinaweza, lakini si kwa kuchomeka tu na kubonyeza swichi. Idadi ya viyoyozi vinavyowaka huamuliwa na umeme ulio nao. Joto unalolisikia haliamui. Na kwa hali ya hewa ya Mukuju, mwenye akili huhakikisha kwanza kwamba kimoja kinamtosha sehemu kubwa ya siku, kisha ndipo anatafuta nguvu ya kuwasha cha pili kwa saa chache.

Anza na kivuli

Ukanda wa Tororo uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto huwa karibu nyuzi 28 hadi 31, na usiku mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 20. Hili si joto la Mombasa wala la Muscat, ambako usiku nao unachoma. Kinachomtesa mtu ndani ya gari hapa ni jua linalopiga bati: paa likishapata moto, chumba kinakuwa na joto kuliko hewa ya nje, na kiyoyozi kinafanya kazi ya kupambana na paa badala ya kukuburudisha wewe.

Kwa hiyo punguza mzigo kabla ya kuongeza mashine. Mukuju iko karibu na Ikweta, na mwaka mzima jua huchomoza karibu mashariki kamili na kuzama karibu magharibi kamili. Laza gari lako kwa urefu wa mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pua na mgongo wa gari, si ubavu mzima wenye madirisha. Kioo cha mbele kielekee mashariki, maana jua la asubuhi ni pole kuliko la saa tisa alasiri. Angalia vizuri hapa: barabara ya Tororo kwenda Mbale inaelekea kaskazini. Ukiegesha sambamba na barabara, kama wengi wanavyofanya kwa mazoea, umeanika ubavu wako wote kwa jua la alasiri.

Funika kioo cha mbele kwa pazia la kung'aa. Paka paa rangi nyeupe. Kama unajenga gari upya, weka sponji au povu la kuzuia joto kati ya bati na mbao za ndani kabla ya kufikiria kiyoyozi cha pili. Weka feni ya paa ya kutoa hewa, uiwashe dakika kumi kabla ya kufunga madirisha na kuwasha kiyoyozi. Itatoa hewa ya moto kwa umeme kidogo sana. Kivuli cha mwembe ni neema, ila chunguza matawi makavu, na kumbuka kwamba embe likianguka linaweza kuvunja kioo cha sola.

Soma kibao kabla ya kuchomeka

Kila kiyoyozi kina kibao kilichobandikwa ubavuni au nyuma ya kifuniko. Mambo matatu ndiyo ya kutafuta: volti, hezi na ampea.

Uganda na Kenya zote hutumia umeme wa volti 240, hezi 50, na soketi ile ile ya pini tatu za bapa. Aliyetoka Nairobi au Kisumu hana cha kubadili. Gari la Ulaya huja na plagi ya buluu ya ampea 16, na la Afrika Kusini huja na plagi kubwa ya pini tatu za duara. Hayo yanahitaji kichwa cha kubadilishia tu. Hatari iko kwa gari la Marekani. Viyoyozi vyake ni vya volti 120, hezi 60. Ukivichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Mukuju vinaungua. Transfoma ya kushusha umeme itakupa volti 120, lakini haibadili hezi. Mota ya kompresa iliyotengenezewa hezi 60 itazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa na kupata moto. Ukinunua gari la namna hiyo, bajeti yako iwe na viyoyozi vipya vya volti 240.

Kuhusu ukubwa, kiyoyozi cha paa cha BTU 13,500 hula kati ya wati 1,400 na 1,700 kikiwa kimeshika kasi. Kile kidogo cha ukutani cha BTU 9,000, chenye kipande cha ndani na cha nje, hula wati 700 hadi 900 kikiwa kwenye nguvu yake ya juu. Aina yenye inverta ndani yake hushuka yenyewe chumba kikishapoa, hata kufikia wastani wa wati 500 au chini ya hapo.

Namba ambayo watu huisahau ni ya kuanzia. Kompresa ya kawaida, sekunde ile inapoamka, huvuta umeme mara tatu hadi tano ya ule wa kutembea. Viyoyozi viwili vikiamka kwa pamoja, hata jenereta nzuri hupiga magoti. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kuanzisha mota taratibu, kinachofungwa kwenye kompresa na kupunguza mvuto huo kwa nusu au zaidi. Kwa mwenye viyoyozi viwili vya paa vya aina ya zamani, hiki ndicho kifaa cha kununua kabla ya jenereta kubwa. Viyoyozi vyenye inverta havikihitaji, maana vyenyewe huamka polepole.

Hesabu ya ampea 13

Tororo ni njia panda ya umeme. Laini ya volti 132,000 inayounganisha Uganda na Lessos, Kenya, inapita hapa, na tangu 2017 wilaya hii ina shamba la sola la megawati 10. Lakini umeme mkubwa unaopita juu ya kichwa hauifanyi soketi ya nyumba ya wageni kuwa imara. Kinachokuhusu ni waya uliofika ukutani.

Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha 13 kwa 240, unapata wati 3,120. Huo ndio mwisho wake. Viyoyozi viwili vya BTU 13,500 peke yavyo vinafika wati 3,000 au kupita. Ongeza friji na chaja ya betri, umevuka. Mtu akiwasha birika la wati 2,000 la chai ya saa kumi, fyuzi inaweza kukatika. Ikikatika, ujumbe wake ni kwamba mzigo umezidi. Kamwe usiweke kipande cha waya au msumari mahali pa fyuzi. Joto litahamia kwenye nyaya zilizo ndani ya ukuta wa mwenyeji, na nyumba itakayoungua si yako.

Kwa soketi moja ya kawaida, basi, ruhusa yako ni hii: kiyoyozi kimoja cha paa pamoja na vitu vidogo, au viwili vidogo vyenye inverta bila birika wala pasi. Ukihitaji viwili vikubwa, mwombe mwenyeji ruhusa ya kumwita fundi wa umeme mwenye leseni akutolee laini ya peke yake kutoka kwenye ubao mkuu, ya ampea 32, yenye breka yake na swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30.

Chagua pia jirani yako wa umeme. Katika vituo vingi vya biashara vya ukanda huu utakuta mashine ya kusaga posho na vibanda vya kuchomelea mageti. Mota ya kinu ikiamka, volti hushuka kwa majirani wote wa laini hiyo. Kiyoyozi kikipewa volti 190 badala ya 240, kompresa inahangaika, inavuta ampea nyingi zaidi na kuungua mapema. Funga gadi ya kukata umeme ukishuka au ukipanda mno, yenye kuchelewa dakika tatu kabla ya kurudisha. Kuchelewa huko ndiko kunakoiokoa kompresa, kwa sababu gesi iliyobanwa inahitaji dakika chache kutulia kabla mota haijaanza tena.

Waya mrefu hula volti

Mara nyingi gari halifiki karibu na ukuta. Unavuta waya wa kuongezea mita 50 kupitia uani. Hapo ndipo viyoyozi vingi hufa polepole bila mwenyewe kujua sababu.

Kwa mzigo wa ampea 16 na waya wa shaba wa mita 50, waya wa milimita mraba 1.5 hupoteza karibu volti 19 njiani. Wa 2.5 hupoteza karibu 12. Wa 4 hupoteza karibu 7. Kama soketi yenyewe ilikuwa imeshashuka hadi 220, ule waya mwembamba wa dukani umeleta volti 200 kwenye kompresa yako. Nunua wa 2.5 kwa kiyoyozi kimoja na wa 4 kwa viwili. Na usiuache umejiviringisha kwenye gurudumu lake wakati unatumika. Ufungue wote, utandaze, maana waya uliojiviringisha huhifadhi joto hadi plastiki inayeyuka. Maungio yainue juu ya tofali na kuyafunika, mvua za hapa haziombi ruhusa.

Baada ya nusu saa ya matumizi, gusa plagi kwa nje. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikikuchoma, zima.

Zamu ndiyo njia ya wengi

Kwa umeme hafifu, funga chenji ova kati ya viyoyozi viwili: swichi yenye pande mbili, cha mbele au cha nyuma, kamwe si vyote. Fundi yeyote anayefunga jenereta madukani anaijua. Uzuri wake ni kwamba haitegemei kumbukumbu ya mtu. Mtoto au mgeni hawezi kuwasha vyote kwa bahati mbaya. Mchana cha mbele kinapoza sebule na jiko, saa kumi na mbili jioni unageuza, cha nyuma kinapoza chumba cha kulala saa moja au mbili, kisha unazima.

Ukiwa na laini ya ampea 32, unaweza kuondoa zamu, lakini usiviamshe pamoja. Weka cha pili kichelewe dakika tano baada ya cha kwanza. Vifaa vya kuchelewesha vinapatikana, na asiyekuwa navyo atumie saa na kidole.

Jenereta na mwinuko

Umeme ukikatika, au ukiwa shambani pasipo nguzo, jenereta inaingia. Usiamini namba kubwa iliyochorwa ubavuni. Kwanza, hiyo mara nyingi ni nguvu ya juu ya muda mfupi. Pili, KVA si kilowati: jenereta ya KVA 5.5 kwa kawaida hutoa kama kilowati 4.4. Tatu, injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa mita 1,200 ni karibu asilimia 14. Kilowati 4.4 za Mombasa zimebaki 3.8 ukifika Mukuju.

Kilowati 3.8 zinabeba viyoyozi viwili vya paa vinavyotembea, pamoja na friji. Haziviamshi bila kile kifaa cha kuanzisha taratibu. Jenereta ndogo ya kilowati mbili ni ya kiyoyozi kimoja tu, nacho kiwe na kifaa hicho. Kwa mzigo wa viwili, tegemea kuchoma lita moja na nusu hadi mbili na nusu za petroli kwa saa. Piga hesabu ya mafuta kabla ya kusema jenereta ni rahisi kuliko sola.

Jambo la uhai: moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na huua mtu usingizini. Weka jenereta angalau mita 6 kutoka kwenye gari, upande ambao upepo unatoka kwako kwenda kwake, bomba la moshi likitazama mbali na madirisha. Usiiwashe chini ya gari wala ndani ya hema la pembeni. Weka king'ora cha kaboni monoksidi karibu na vitanda. Na usilale jenereta ikiwaka. Usiku wa Mukuju una ubaridi wake. Fungua madirisha yenye nyavu nzima. Nyavu hizo si pambo: wilaya ya Tororo, hasa Nagongera, imefanyiwa utafiti wa malaria kwa miaka mingi kwa sababu ya wingi wa maambukizi yake. Madirisha yawe na nyavu, na kitanda kiwe na chandarua chenye dawa.

Sola na betri

Jua linalokuunguza ndilo linaloweza kukupoza, na hapa hesabu inapendeza, maana saa ambazo kiyoyozi kinahitajika ndizo saa ambazo paneli zinafanya kazi.

Chukua paneli nne za wati 400. Kwa jua la ukanda huu, karibu saa tano za nguvu kamili kwa siku, ukitoa upotevu wa robo, unapata takriban uniti (kilowati-saa) 6. Viyoyozi viwili vidogo vyenye inverta, kila kimoja kwa wastani wa wati 500, vikiwaka saa tano za mchana vinakula uniti 5. Inabaki moja ya friji na taa. Siku ya mawingu, kimoja kinapumzika. Kwa viyoyozi viwili vya paa vya BTU 13,500 hesabu hiyo haifiki: vinakula uniti hizo 6 kwa saa mbili.

Betri ya lithiamu ya volti 48, ampea-saa 100, inahifadhi kama uniti 5. Kiyoyozi kimoja kidogo kinaitumia karibu saa tisa, viwili nusu ya hapo. Chagua volti 48 badala ya 12: wati 1,500 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 125, zinazotaka nyaya nene na maungio yasiyo na kasoro, ilhali kwa volti 48 ni kama 31. Na usithubutu kutumia betri ya injini kwa kiyoyozi cha chumba. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 inakupa kama saa moja ya maana, kisha asubuhi unatafuta vijana wa kusukuma gari. Madereva wa malori yanayosubiri foleni Malaba na Busia wanaotaka kibaridi cha kabini hufunga kile cha volti 24 chenye ulinzi wa kujizima betri ikishuka.

Paa la Coaster ni kama mita 7 kwa 2. Paneli nne zinachukua zaidi ya nusu yake, na viyoyozi viwili vya paa vinadai katikati. Anayejenga upya afunge viyoyozi vya ukutani, kipande cha nje kikae nyuma ya gari, paa libaki la sola. Paneli zilizoinuliwa sentimita chache juu ya bati huwa pia kivuli cha bati hilo. Zilaze bapa tu, kwa Ikweta zinafaa hivyo. Zifute mara kwa mara, vumbi la murram hupunguza umeme. Chujio za viyoyozi nazo zioshe kila wiki wakati wa kiangazi.

Mwenyeji, mita na radi

Kabla ya kupiga kambi, jitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ni ustaarabu wa Uganda, na ndiye atakayejua kisima kiko wapi, nani ana uwanja wenye lango na nani ana umeme wa kuaminika. Jenereta ukiizima mapema, majirani watakusalimia kesho.

Umeme wa nyumbani hapa ni wa kulipia kabla, na watu bado huuita Yaka, jina la enzi za kampuni ya Umeme, ingawa kampuni hiyo ilimaliza mkataba wake Machi 2025 na kampuni ya UEDCL ikachukua usambazaji. Usimwambie mama mwenye nyumba kwamba utampa “kitu kidogo cha umeme”. Someni mita pamoja ukifika, msome tena ukiondoka, ulipe kila uniti kwa bei iliyo kwenye risiti yake na kuongeza shukrani. Viyoyozi viwili vya paa vikiwaka mfululizo kwa saa sita vinaweza kula uniti 18. Kwa nyumba ya taa, redio na simu, hizo ni nyingi mno kumalizwa na mgeni wa siku moja.

Wakati wa mvua, bonde la Ziwa Victoria lina ngurumo nyingi, hasa alasiri. Ukisikia radi, zima viyoyozi na chomoa waya kwenye soketi. Breka peke yake haitoshi. Hutapoteza raha, kwani mvua ikishanyesha bati limepoa.

Ratiba ya siku moja

Asubuhi hadi saa nne: madirisha wazi, feni ya paa, hakuna kiyoyozi. Saa nne na nusu, funga madirisha na mapazia ya upande wa jua, washa kiyoyozi cha kwanza kabla chumba hakijawaka moto, kwenye nyuzi 25 au 26. Saa sita hadi kumi, cha pili kinaingia kama umeme unaruhusu, baada ya kukagua kwamba birika, pasi na jiko la umeme vimezimwa. Saa kumi na moja, zima kimoja. Baada ya magharibi, washa cha chumbani peke yake kwa muda mfupi, kisha zima na ulale na nyavu.

Mwenye basi la kliniki afuate ratiba hiyo hiyo, ila friji ya chanjo iwe na laini na betri yake, isiyoguswa na kiyoyozi chochote. Mgonjwa anaweza kuvumilia jasho kidogo, chanjo haivumilii.

Kama bado hujanunua chochote, fuata mpangilio huu wa matumizi ya fedha: kivuli na kuzuia joto, waya mnene na swichi ya usalama, kifaa cha kuanzisha taratibu au viyoyozi vyenye inverta, sola na betri, na jenereta mwisho kabisa. Anayeanza na jenereta kubwa na kumalizia na pazia la kioo cha mbele atalipa mara mbili, na bado atatoka jasho.